Ukiwa Chennai Unauguza, Toka Nje

Watu wa kwetu wakienda India kwa matibabu hawaendi peke yao. Anakwenda mgonjwa, na anakwenda wa kumuuguza: binti, kaka mtu, mke, au shemeji aliyeteuliwa kwa kuwa ndiye pekee mwenye pasipoti ambayo haijaisha muda. Maandalizi yote humlenga mgonjwa. Kuna barua ya daktari, makadirio ya gharama, viza, mchango na dua. Anayeuguza huagizwa neno moja tu pale uwanja wa ndege: "Mwangalie vizuri." Hakuna anayemwambia afanye nini saa sita mchana, mgonjwa akiwa ICU na mlango umefungwa, naye amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni inayosema Kitamil.

Mwongozo huu ni wake. Nimechagua Chennai kwa sababu wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki huishia huko, na kwa sababu ni mji unaokubali kuonwa kwa vipande, kati ya raundi ya daktari na saa za kuona wagonjwa. Hospitali ya Apollo ilianzia hapa mwaka 1983, pembeni ya barabara ya Greams. Hospitali ya macho ya Sankara Nethralaya, iliyoanzishwa 1978, haiko mbali. Kuzizunguka kumejaa nyumba za wageni, maduka ya dawa, wabadilisha fedha na bajaji, kiasi kwamba mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila kuvuka barabara kuu. Wengi hufanya hivyo. Mimi nakushauri usifanye.

Kutoka ni sehemu ya kuuguza. Mtu asiyelala, asiyekula vizuri na asiyeona jua huanza kukosea. Husahau alichoambiwa na daktari, huwafokea manesi, hulia mbele ya mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe huchoka kutazamwa kutwa. Ukitoka kwa saa mbili ukarudi na kisa cha mjini, umemletea kitu ambacho dripu haina.

Mchango na macho ya ndugu

Nianze na linalowafunga watu wengi ndani kuliko hofu ya kupotea. Fedha uliyonayo ni ya ukoo. Jirani alitoa elfu kumi, kikundi cha kina mama kikatoa laki mbili, mjomba akauza ng'ombe. Halafu wewe uonekane ufukweni umeshika mahindi ya kuchoma? Ukituma picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp la familia, shangazi mmoja atauliza, kwa upole wenye ncha, kama mlikwenda kutibiwa au kutalii.

Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili mapema. Kwanza, kabla hujasafiri, weka pembeni fedha yako mwenyewe, hata kidogo, isiyochanganywa na ya mchango. Iwe kwenye pochi yake. Nauli ya metro, kahawa, kiingilio cha makumbusho, vyote vitoke humo. Chennai si mji ghali kwa mtu wa kutembea, na kujua kwamba hujagusa fedha ya matibabu kutakutuliza kuliko unavyodhani. Pili, chagueni msemaji mmoja nyumbani wa kupokea habari na kuzisambaza. Wewe zungumza naye tu, mara moja kwa siku, saa ile ile. Picha za mji ziweke kwenye simu kwa ajili ya mgonjwa, siyo kwa ajili ya kundi.

Saa yenyewe ihesabu vizuri, maana India ipo mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu huwapoteza wengi. Nyumbani wakimaliza kula saa mbili usiku na kukupigia, kwako ni saa nne na nusu, na mgonjwa amelala. Upasuaji ukipangwa saa moja asubuhi ya Chennai, Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi na nusu alfajiri. Waambie hivyo, wajue saa ya kuamkia dua.

Bili nazo zina namna yake. Wahindi huandika laki kwa mkato wa mahali tofauti na tulivyozoea: 2,50,000 ni laki mbili na nusu, siyo kosa la mashine. Isome taratibu, hasa usiku.

Saa ya hospitali

Siku za kwanza usiende mbali. Soma kwanza mwendo wa wodi. Daktari anapita saa ngapi? Chakula kinaletwa lini? Nani anaruhusiwa kulala na mgonjwa? Hospitali kubwa hutoa pasi kwa anayeuguza, na mlinzi wa mlangoni haangalii uso wako, anaangalia pasi. Itunze kama pasipoti.

Raundi ya daktari usiikose. Hapo ndipo yanaposemwa yote ya maana, kwa haraka na kwa Kiingereza cha lafudhi ngeni, kwa hiyo kaa na daftari. Akishaondoka, mgonjwa ameoga na kula, ndipo mlango wako wa kutoka unapofunguka. Ukiwa na mgonjwa wa wodi ya kawaida, una kati ya saa mbili na tatu kabla hajaamka tena na kukuulizia.

ICU ni kinyume chake, na jambo hili huwashangaza watu. Siku ambazo mgonjwa yuko hoi zaidi ndizo zinazokuachia muda mwingi zaidi, kwani unaruhusiwa kumwona kwa dakika chache kwa nyakati zilizopangwa. Muda upo, moyo haupo. Siku hizo usijilazimishe kwenda kuona mahekalu. Tembea tu mtaa mmoja hadi mwingine, kanunue dafu, rudi. Na siku ya upasuaji baki jengoni. Wanaweza kukutafuta kwa saini au maelezo.

Kila unapotoka, pita kituo cha manesi, mwambie sista unakwenda na utarudi saa ngapi. Neno hilo "sista" wanalitumia nao, kwa hiyo utajisikia uko Muhimbili. Mwachie namba yako ya India, siyo ya nyumbani, maana simu ya wodi huenda isiweze kupiga nje ya nchi. Kupata laini ya simu utahitaji pasipoti, viza na picha, na inaweza kuchukua muda kuwashwa. Shughulikia siku ya kwanza. Omba mapokezi wakuandikie anwani ya hospitali kwa Kitamil kwenye karatasi, uikunje kwenye pochi. Chaja pia: soketi za kule ni za pini za mviringo, na plagi zetu za pini tatu za bapa hazitaingia bila adapta.

Bajaji, metro na miguu

Bajaji zipo kila kona, za njano. Mita zipo pia, ila nyingi ni mapambo. Ama patana bei kabla hujakaa, ama tumia programu ya simu kama Ola au Uber, ambayo huita hata bajaji. Dereva akifika atakuuliza "OTP?" Anataka zile tarakimu nne zilizotokea kwenye simu yako, mtajie moja moja. Muite "anna", yaani kaka mkubwa. Mwanamke aliyekuzidi umri ni "akka". Wenyewe wanaitana hivyo hivyo, na bei hulainika kidogo. Ukiona mtu anatikisa kichwa huku na huku, si kwamba anakataa. Mara nyingi anasema sawa.

Metro ndiyo rafiki wa anayeuguza, kwa sababu haina foleni ya magari na ina kiyoyozi. Ilianza kazi mwaka 2015, na kituo cha Thousand Lights, chini ya barabara ya Anna Salai, kiko karibu na barabara ya Greams. Kutoka hapo njia ya bluu inakwenda moja kwa moja hadi uwanja wa ndege upande mmoja, na stesheni kuu ya reli upande mwingine. Unajua utarudi saa ngapi, na kwa mtu mwenye mgonjwa hilo ni jambo kubwa. Ujenzi wa njia mpya umevuruga barabara nyingi, kwa hiyo ramani ya simu ikikuambia dakika kumi na tano kwa gari, hesabu nusu saa.

Magari yanakwenda kushoto kama kwetu. Pikipiki zinakwenda popote, hata juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Unakwenda wapi

Alfajiri, kabla ya raundi, nenda Marina. Ni ufukwe mrefu kuliko macho, kilomita kadhaa za mchanga mpana unaotazama Ghuba ya Bengali. Mtu wa pwani yetu hatajisikia mgeni, kwa sababu jua linachomoza kutoka baharini vilevile, karibu na saa kumi na mbili. Wazee wanatembea kwa mwendo wa daktari kasema, vijana wanacheza kriketi, wavuvi wanakunjua nyavu. Usiingie majini. Mkondo wa chini ni mkali, na kuogelea kumekatazwa. Jioni ufukwe hubadilika kuwa soko la vitafunio: dengu za kuchemsha zilizochanganywa na nazi na embe bichi, samaki wa kukaanga, na mahindi ya kuchoma yanayosuguliwa ndimu na pilipili, sawasawa na ya Coco Beach. Dengu hizo zinaitwa "sundal", na kifuko kimoja cha karatasi kinatosha.

Ukiwa hapo tazama upande wa barabara utaona jengo la mviringo lenye rangi ya krimu. Lilijengwa mwaka 1842 kuhifadhi barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya Marekani na kuletwa kwa meli hadi hapa, miezi kadhaa baharini, ikiwa imefunikwa vumbi la mbao. Biashara hiyo ilikufa mashine za barafu zilipokuja, na baadaye Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alikaa humo mwaka 1897. Kisa cha watu kuuza barafu ya Boston kwenye mji wenye joto la namna hii kitamchekesha mgonjwa aliyelala kwenye kiyoyozi akilalamikia baridi.

Mchana jua ni kali, Mei hasa, kwa hiyo tafuta paa. Makumbusho ya Serikali yaliyoko Egmore, yaliyoanzishwa 1851, ni safari fupi ya bajaji kutoka barabara ya Greams, na hufungwa Ijumaa. Usijaribu kuyamaliza. Nenda moja kwa moja kwenye jengo la sanamu za shaba, zile zilizofinyangwa zama za wafalme wa Chola, karibu miaka elfu iliyopita. Kaa mbele ya moja, mungu Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, mguu mmoja juu. Mafundi waliichonga kwanza kwa nta, wakaifunika udongo, wakaichoma nta ikayeyuka, kisha wakamimina shaba kwenye uwazi uliobaki. Kila moja ni ya pekee, kwa sababu kalibu huvunjwa ili kuitoa. Hata asiyependa mambo ya dini za wengine ataheshimu kazi ya mikono hiyo. Na kuna ukimya, ambao baada ya milio ya mashine za wodini una thamani yake.

Kwa ibada huhitaji kwenda mbali. Wallajah, msikiti mkubwa wa Triplicane, ulijengwa mwaka 1795 kwa mawe ya kijivu bila chuma wala mbao, na uwanja wake ni mpana wa kutosha mtu kukaa na mawazo yake baada ya sala. Ule wa Thousand Lights, ulio karibu zaidi na hospitali, ni wa Mashia. Wakristo wana kanisa la San Thome, jeupe, lenye mnara mrefu, lililojengwa upya mwaka 1896 juu ya mahali panaposadikiwa kuwa kaburi la Mtume Tomaso. Kuna njia ya kushuka hadi kaburini, na watu huacha humo maombi ya wagonjwa wao. Wewe si wa kwanza.

Ngome ya St George ya mwaka 1644 ni kwa wapenda historia wenye muda. Ofisi za serikali ya jimbo zimo humo, na ulinzi ni mkali.

Mylapore, kitongoji cha hekalu la Kapaleeshwarar, ndiko ningekupeleka ukiwa na jioni moja tu. Hekalu hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni. Unavua viatu, unaingia uani. Chumba cha ndani kabisa ni cha Wahindu. Lakini mimi napenda zaidi mitaa inayolizunguka. Kina mama wamekaa chini na mafungu ya asmini, wakiyafunga kwa uzi bila kutazama vidole. Ukinunua, muuzaji anaupima mkufu wa maua kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mwanamke wa Unguja au Lamu aliyezoea kikuba hahitaji tafsiri. Ila muulize sista kwanza kabla hujayapeleka wodini, maana ICU na baadhi ya wodi hazitaki maua. Yakikataliwa, yavae wewe ukiwa nje ya wodi.

Mahitaji ya wodi yapatie T. Nagar, mtaa wa Pondy Bazaar. Tafuta magauni ya pamba ya kulalia yanayofunguka mbele, ambayo kina mama wa Chennai huyavaa nyumbani kutwa. Kwa mgonjwa aliyepasuliwa kifua au tumbo ni afadhali kuliko dera, kwa kuwa sista hatahitaji kumvua nguo yote kubadilisha bandeji. Kwa wanaume nunua lungi, ambayo mtu wa kikoi ataifunga bila kuelekezwa, na haibani mshono. Hariri za harusi utaziona dirishani. Hizo ni za safari nyingine.

Tumbo

Kwanza lako. Chapati, wali na biriani vipo, kwa hiyo hutakufa njaa, lakini pilipili ya Tamil Nadu, jimbo la Chennai, haina mzaha. Asubuhi anza na idli, vitumbua vya mvuke visivyo na mafuta wala pilipili, na uiache sambari, mchuzi wake wa dengu, kwenye bakuli lake mpaka tumbo lizoee. Mchana hoteli nyingi huandaa wali juu ya jani la mgomba, na mhudumu huendelea kuongeza mpaka ulikunje jani. Kunja mapema. Maji kunywa ya chupa. Kahawa ya Chennai, inayoletwa kwenye kikombe cha chuma ndani ya kibakuli cha chuma, imejaa maziwa na sukari, nami naiona ni sababu tosha ya kwenda.

Ugali utautamani, na mgonjwa ataudai. Unga wa mahindi wa kule mara nyingi ni wa njano na ladha yake ni tofauti. Waafrika wengi wanaokaa huko hupika semolina, iitwayo rava, ambayo hushikana vizuri na ipo kila duka. Nyumba nyingi za wageni karibu na hospitali zina jiko. Lakini usimpelekee mgonjwa kitu chochote kabla hujamuuliza mtaalamu wa lishe wa wodi, hata kama ni uji, hata kama analia. Chumvi kidogo kwa mgonjwa wa figo si kidogo.

Mvua na karatasi

Mvua za Chennai hunyesha Oktoba hadi Desemba, na zikizidi mji husimama. Desemba 2015 na Desemba 2023 maji yalifunga mpaka uwanja wa ndege. Ukiwa huko miezi hiyo, soma utabiri kabla ya kutoka, na ukiambiwa kimbunga kinakuja, nunua maji na biskuti ukae karibu na hospitali. Mbu wa baada ya mvua huleta dengi, paka dawa.

Kuhusu viza, India hutoa ya matibabu kwa mgonjwa na nyingine kwa anayemsindikiza, wasindikizaji wasiozidi wawili kwa mgonjwa mmoja. Zinazoombwa kwa mtandao hudumu siku 60, kwa hiyo kama matibabu ni marefu, ulizia mapema dawati la wagonjwa wa kimataifa. Cheti cha homa ya manjano beba, na uchanje angalau siku kumi kabla ya safari. Ukiingia na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, zitangaze forodhani. Huhitaji matatizo hayo wakati wa kulipia chumba. Unapotembea mjini acha pasipoti mahali salama, chukua nakala yake na ya viza.

Mgonjwa akitoka

Mara nyingi mgonjwa haruhusiwi kupanda ndege siku anayoruhusiwa kutoka wodini. Atapewa siku za kukaa karibu, arudi kuonwa, ndipo aandikiwe barua ya kuruhusiwa kusafiri. Hapo mambo hubadilika, maana sasa mnatoka wawili, na yeye ndiye anayepanga mwendo.

Muulize daktari atembee kiasi gani, kisha upunguze nusu. Vituo vya metro vina lifti. Pale Marina, mwaka 2022 walijenga njia ya mbao juu ya mchanga inayofika karibu na maji, ili kiti cha magurudumu kipite. Nendeni jioni jua likipoa, mbebe maji na kofia. Mtu aliyetazama dari kwa wiki nyingi anaweza kulia akiona bahari, au akataka tu mahindi. Mnunulie, ila bila pilipili kama daktari alikataza.

Atataka pia kuona vile ulivyomsimulia: yule mama wa maua, lile jengo la barafu. Msifululize yote siku moja. Na kabla ya kufunga mizigo, omba muhtasari wa matibabu kwa maandishi, picha za vipimo kwenye diski, na barua ya kusafiri yenye tarehe isiyopitwa. Dawa zote, na hiyo barua, ziwe kwenye begi la mkononi. Hariri, kama mmeshindwa kujizuia, zikae kwenye begi la chini.